Mito ya Texas: Risasi Yaishia Wapi, Mshale Wampata Nani?



Juma hili tufunge safari ndefu. Twende mpaka jimbo la Texas, kusini ya Marekani, mpakani mwa Meksiko. Wengi huijua nchi hiyo kwa ng'ombe wake na visima vyake vya mafuta. Leo hatuendi kutazama ng'ombe wala mafuta. Twaenda kutazama mito, na kusikiliza shauri moja ambalo wenyeji wamelizungumza kwa miaka mingi. Shauri lenyewe ni hili: Mto ukiwa ni mali ya watu wote, je, mtu aweza kupiga bunduki na kurusha mishale humo kama apendavyo?

Huenda wewe, baba wa nyumba, utasema: "Mambo ya Texas yanihusu nini?" Subiri kidogo. Tukiisha kuyaona ya kwao, labda utautazama mto wa kijijini kwako kwa macho mengine.

MTO WA BARIDI NA MTO WA NJUGU

Tuanze magharibi ya mji wa San Antonio. Huko nchi hupanda, na vilima ni vya mawe ya chokaa. Mvua inyeshapo, maji huingia katika nyufa za mawe, husafiri gizani chini ya ardhi, kisha hutokea tena mabondeni kwa chemchemi safi. Hapo ndipo izaliwapo mito mitatu iitwayo Frio, Sabinal na Nueces.

Majina hayo ni ya Kihispania, maana Wahispania ndio waliotangulia kuitawala nchi hiyo kutoka Ulaya. Frio maana yake ni baridi. Tia mguu wako majini hata katika jua kali la mwezi wa Julai, utajua mara moja kwa nini mto uliitwa hivyo. Sabinal ni mahali pa miberoshi. Nueces ni njugu, si zile zichimbwazo ardhini, bali zile ziangukazo toka juu ya miti mikubwa ya kando ya mto. Jina hilo lilitolewa na msafiri mmoja Mhispania, Alonso de León, mwaka 1689.

Ukisimama kando ya Frio utaona miberoshi minene, mizizi yake imekumbatia mawe kama vidole vya mzee vilivyoshika mkongojo. Maji ni maangavu, waweza kuhesabu kokoto za chini. Mahali pengine hayafiki magotini. Mwendo kidogo mbele, mto waweza kupotea kabisa, maji yakazama katika changarawe, ukabaki mkondo mpana mweupe usio na tone. Mtoto mgeni atadhani ni barabara.

Sabinal hujitia katika Frio, na Frio hujitia katika Nueces. Kadiri unavyoshuka kusini, vilima vyaisha na nchi yawa tambarare ya miiba. Mti uliotawala huko ni ndugu wa ule mti ambao watu wa Baringo na Turkana huuita mathenge. Mwisho Nueces huingia katika Ghuba ya Meksiko, penye mji wa Corpus Christi, yaani Mwili wa Kristo.

Wakati wa joto, watoto wafungapo shule, jamaa nzima nzima huja mitoni. Penye Frio pana bustani ya jimbo iitwayo Garner, iliyofunguliwa mwaka 1941. Baba huchoma nyama, mama hupumzika kivulini, na watoto hukaa juu ya mipira ya ndani ya magurudumu ya gari, wakaachia maji yawachukue polepole. Mto hupinda kulia, hupinda kushoto. Nyuma ya kila pindo huwezi kujua ni nani anayekuja.

Tafadhali ukumbuke neno hilo la pindo la mto. Tutalihitaji.

MTO NI WA NANI?

Sehemu kubwa mno ya ardhi ya Texas ina wenyewe. Waweza kusafiri maili nyingi ukiona seng'enge kulia na seng'enge kushoto. Mtu asiye na shamba hana mahali pengi pa kutembea wala kuwinda wala kuvua.

Lakini mto ni jambo lingine. Tangu kale, katika sheria za Warumi zilizokusanywa kwa amri ya Kaisari Justiniano, mito ilihesabiwa kuwa mali ya watu wote, na haki ya kuvua humo ilikuwa ya wote. Mfalme Alfonso wa Kumi wa Kastilia aliingiza mawazo hayo katika kitabu chake kikubwa cha sheria, katika karne ya 13. Wahispania walipovuka bahari, sheria ilivuka pamoja nao. Kisha Meksiko ikajitawala mwaka 1821, na Texas ikajitenga na Meksiko mwaka 1836. Bendera zilibadilika, lakini mto ulibaki wa wote.

Mwaka 1837 Texas ilitunga sheria yenye kipimo: kijito chenye upana wa wastani wa futi 30, tangu mdomo wake kwenda juu, kihesabiwe kuwa mto wa kupitika na vyombo, wala wapima ardhi wasiukate kuugawia mtu. Futi 30 ni kama hatua kumi za mtu mzima. Tena upana huo hupimwa toka ukingo hata ukingo, hata ikiwa maji yenyewe ni membamba kama mkanda.

Basi fikiri, msomaji. Huku shamba la tajiri, huku shamba la tajiri mwingine, na katikati yao umelala ukanda wa changarawe na maji ambao hata maskini aweza kupita, mradi ameingilia mahali panaporuhusiwa, kama penye daraja la barabara kuu, asivuke shamba la mtu. Hii ni haki kubwa, nayo yapendwa sana.

Lakini mwanadamu ni yule yule kila mahali. Walioambiwa "mto ni wa wote," wengine walisikia "mto hauna mwenyewe." Walishuka na magari makubwa mpaka ndani ya mkondo, wakasaga changarawe ambamo samaki hutaga, wakatia uchafu majini. Wenye mashamba walilalamika, na wavuvi pia walilalamika. Mwaka 2003 Bunge la Texas lilipitisha sheria ya kukataza magari kuendeshwa katika mikondo ya mito hiyo ya umma, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2004. Mto haukunyang'anywa watu. Kilichotolewa mtoni ni gurudumu, wala si mguu.

RISASI HAIJUI MPAKA

Sasa tuje kwenye bunduki. Texas ni nchi ya bunduki na ya uwindaji, na mtoto wa shamba huko huzoea silaha kama mtoto wetu anavyozoea jembe. Mtu asiye na shamba lake hutafuta mahali pa kuwindia, na mkondo wa mto wamwita. Una nafasi, hauna seng'enge, na nguruwe-mwitu hushuka kunywa maji.

Ila risasi ya bunduki ya mtutu wenye mifuo haina habari na mpaka. Hata ile ndogo, ambayo watu hupigia sungura, yaweza kwenda zaidi ya maili moja. Tena ikiyagonga maji kwa upande haizami daima. Yaweza kuruka kama lile jiwe bapa ambalo watoto hulirusha ziwani. Na ikigonga mwamba wa chokaa, nani ajuaye itageukia wapi? Sasa likumbuke lile pindo la mto, na wale watoto juu ya mipira yao. Aliyepiga alimwona nguruwe tu, hakuona kilichokuwa nyuma ya miberoshi.

Na huyo mwenye shamba naye anao wake. Nyumba yake yatazama mto. Ng'ombe wake hunywa hapo. Akisikia mlio usiku, atajuaje kwamba risasi haikuelekea kwake?

Ndiyo sababu sheria ya Texas imezitaja wilaya kadhaa kwa majina, miongoni mwao Uvalde, Real, Edwards na Zavala, ambazo ndizo wilaya za mito hii tuliyoitembelea. Katika wilaya hizo ni marufuku mtu kufyatua bunduki akiwa katika mkondo au ukingo wa mto wa umma, au kupiga kwa namna ambayo risasi yaweza kuugusa mkondo au ukingo huo. Askari walio kazini wameachwa. Imeachwa pia bunduki ya marisau, ile itoayo punje ndogo nyingi, kwa sababu punje hizo huchoka upesi na kuanguka karibu.

Angalia vizuri jinsi sheria hii ilivyokatwa. Haisemi, "Bunduki ni mbaya." Haisemi, "Maskini asiwinde." Yauliza swali moja tu: kitu hiki kikitoka mkononi mwako, chaishia wapi? Kile kiishiacho karibu kina ruhusa yake. Kile kiendacho mpaka kwa mtu usiyemwona kimekatazwa.

MSHALE NA SAMAKI

Labda utasema: "Basi mshale hauna neno. Hauendi maili moja." Ni kweli, na kuvua kwa upinde ni desturi ipendwayo sana katika Texas. Mshale hufungwa kwa kamba imara, na kamba hiyo huzungushwa katika kidude kilichotiwa kwenye upinde. Mvuvi akimpata samaki, humvuta.

Kazi yenyewe yataka ufundi. Wajua jinsi fimbo iliyochovywa majini inavyoonekana kama imevunjika. Samaki naye huonekana yuko juu kuliko alipo kweli, kwa hiyo mpiga upinde mzuri hulenga chini yake. Wengi huvua usiku, katika mashua bapa zenye taa kali mbele, maana usiku samaki hutulia karibu na uso wa maji.

Sheria yadai mvuvi awe na leseni. Tena samaki wale wahesabiwao kuwa wa heshima kwa wavuvi wa ndoana, kama vile bass na trout, hawapigwi kwa mshale. Upinde ni kwa samaki wengine.

Hata hivyo katika hao samaki wengine yumo mmoja aliyewalazimisha watu wa Texas wafikiri upya. Ili tumwone, tuiache Frio na tuende kaskazini na mashariki, kwenye mto mkubwa wa Trinity. Huo hupita mji wa Dallas na kushuka mpaka baharini, mwendo wa maili zipatazo 700. Jina lake ni Utatu Mtakatifu, alilolitoa yule yule Alonso de León mwaka 1690. Maji yake si maangavu kama ya Frio. Ni mazito, rangi ya chai ya maziwa.

SAMAKI MWENYE KICHWA CHA MAMBA

Humo hukaa samaki mkubwa ambaye wenyeji wamempa jina la mamba, kwa sababu ya pua yake pana na meno yake. Sisi tumwite samaki-mamba. Mwaka 2001 mmoja alipigwa kwa mshale katika mto Trinity, akapimwa ratli 290, yaani kama kilo 131. Huo ni uzito wa watu wazima wawili! Magamba yake ni magumu kama vigae, nayo wenyeji wa kwanza wa nchi ile waliyafanya kuwa vichwa vya mishale. Mayai yake ni sumu kwa mtu, lakini nyama yake huliwa.

Kama kamongo na kambale wetu, samaki-mamba aweza kuvuta hewa. Maji yakiwa ya moto na mazito, hupanda juu, hupumua, hushuka tena. Pumzi hiyo ndiyo imwokoayo katika maji mabaya, na pumzi hiyo hiyo ndiyo imwonyeshayo kwa mwenye upinde.

Zamani samaki huyu alichukiwa. Watu walisema anawamaliza samaki wazuri. Katika miaka ya 1930 serikali ya Texas yenyewe ilitengeneza chombo cha kumwua kwa nguvu za umeme. Hakuna aliyemhurumia, wala hakukuwa na idadi iliyowekwa. Mtu aliweza kuua kadiri ya nguvu zake.

Baadaye mabwana samaki walianza kumchunguza, wakaona mambo mawili. La kwanza: jike hukaa kama miaka 10 kabla ya kuwa tayari kutaga, na samaki huyu aweza kuishi zaidi ya miaka 50. La pili: hutaga vizuri pale tu mto ufurikapo katika majira ya kuchipua, maji yakafunika majani ya mabondeni. Mafuriko yasipokuja, watoto ni wachache sana, na yaweza kupita miaka kadhaa hivyo. Kwa hiyo jike mkubwa si samaki mmoja tu. Ni ghala ya mbegu, iliyowekwa kungojea mwaka wa mvua.

Hapo ndipo ilipoonekana tofauti kati ya ndoana na mshale. Mwenye ndoana humvuta samaki, humtazama, humpima, na akitaka humrudishia uhai wake. Mwenye mshale hana nafasi hiyo. Apaswa kuamua kabla hajapima. Mshale ukiisha kupenya, hata akijuta, ni kama wasemavyo wazee: maji yakimwagika hayazoleki.

Basi tangu tarehe 1 Septemba 2009 Texas iliweka idadi: mtu mmoja, samaki-mamba mmoja kwa siku, isipokuwa katika ziwa Falcon la mpakani, ambako kuna hesabu nyingine. Na mwaka 2019 ziliongezwa kanuni. Katika Trinity, toka Dallas mpaka karibu na bahari, samaki-mamba azidiye inchi 48, yaani futi 4, aachwe, ila kwa wale wachache wapatao kibali kwa kura. Tena katika sehemu hiyo usiku ni marufuku kumpiga samaki huyo kwa mshale, tangu nusu saa baada ya jua kuchwa mpaka nusu saa kabla ya kucha. Na popote katika Texas, isipokuwa Falcon, aliyemchukua samaki-mamba apaswa kutoa habari kwa serikali kabla ya saa 24 kupita. Wahenga wetu wangeielewa mara moja kanuni hiyo ya mwisho, maana walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ni haki tuwasikilize na wapenda upinde. Wao husema: "Usiku ndiyo saa yetu. Sisi hula nyama tunayoipata. Tena mwenye ndoana naye huua, maana samaki aliyechoshwa mno aweza kufa baada ya kuachwa." Maneno hayo si ya kudharauliwa. Ndiyo maana sheria haikuvunja pinde zao. Mchana bado wanaweza kuvua, na samaki wa aina nyingine hawakuguswa na marufuku ile ya usiku. Sheria imetafuta njia kati ya wawili, wala hakuna upande uliopata yote uliyoyataka.

NASI JE?

Tumeona mito miwili tofauti, na sheria mbili. Katika Frio shida ni mtu asiyeonekana nyuma ya pindo. Katika Trinity shida ni samaki asiyepimika chini ya maji mazito. Lakini jibu ni moja. Mtu atumiaye mali ya wote lazima ajibu kwa ajili ya yule asiyemwona: jirani wa mbele ya mto, na mtoto wa mwaka ujao.

Msomaji, mto wa kijijini kwako hauna samaki-mamba, wala pengine huonekani ukitembea na upinde. Lakini yupo mtu atiaye utupa katika bwawa la mto ili apate kitoweo cha jioni moja, naye huua vifaranga na wazazi pamoja. Yupo mwenye baruti pwani. Sheria ya Tanzania yakataza sumu na baruti katika uvuvi. Lakini sheria iko mjini, na mto uko kijijini. Kati ya sheria na mto yupo nani? Upo wewe, na wazee wenzako, na kamati ya kijiji, na bwana samaki kama yupo.

Wala usingoje mpaka samaki waishe ndipo uitishe baraza. Watu wa Texas walimwua samaki-mamba kwa umeme katika miaka ya 1930, wakamwekea ulinzi mwaka 2009. Katikati kuna miaka zaidi ya 70! Samaki aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza angeweza kuzeeka na kufa kabla watu hawajamfikiria.

Wewe, mama, unapowatuma watoto kuteka maji, waulize jioni wameona nini mtoni. Watoto huona mengi kuliko wazee. Wakikuambia samaki wanaelea matumbo juu, usicheke wala usinyamaze. Na wewe, kijana, uchukuapo ndoana au wavu, uliza kwanza lile swali la watu wa Texas: hiki kitokacho mkononi mwangu, chaishia wapi, nacho chamgusa nani?

Mto hauna mdomo wa kusema. Lakini maji yake yakitoka kwako hufika kwa mwenzio, nawe pia wanywa yale yaliyopita kwa mwingine.

Kwaherini, wasomaji wapenzi. Someni na kuzungumza nyumbani.